Vitabu vya DAT visinunuliwe kwa unene

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi wenye vijana Marekani wanaotaka kusomea udaktari wa meno. Mimi ni mwalimu wa kemia. Nilifundisha kidato cha tano na cha sita mkoani Kilimanjaro mpaka nikastaafu, na sasa naishi kwa binti yangu Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Mjukuu wangu mkubwa amejiandaa na kuufanya mtihani wa kuingia chuo cha meno, na vitabu alivyotumia vimepita mikononi mwangu kimoja baada ya kingine. Mzee asiye na shamba la kulima lazima apate kazi ya kufanya, hasa huku ambako Januari huwezi hata kutoka nje kuota jua.

Kila ikikaribia Mei, ambapo dirisha la maombi ya vyuo vya meno hufunguliwa, simu yangu huanza kuita. Mzazi yuko Moshi au Tanga, kijana wake yuko Texas, na kijana ametuma orodha ya vitabu vya mazoezi inayofika mamia ya dola. Mzazi ananiuliza: "Mwalimu, hivi vyote ni vya lazima kweli, au mtoto anatafuta hela ya matumizi?" Huwa namtetea kijana. Hadanganyi, ila hajui achague nini, kwa hiyo anachukua vyote. Na sisi wazazi tunamsaidia kukosea, maana tumezoea kwamba mwanafunzi mwenye vitabu vingi ndiye msomaji. Tunanunua kitabu kwa unene, kama anayenunua samaki kwa kilo bila kumfunua mashavu.

Mtihani wenyewe unaitwa DAT. Unatolewa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, kwa kifupi ADA, na umekuwa ukifanywa nchi nzima tangu 1950. Siku hizi unafanywa kwenye kompyuta, katika vituo maalumu vya mitihani. Una maswali 280 ya kuchagua jibu: sayansi 100, yaani biolojia 40, kemia ya jumla 30 na kemia ogania (ile ya misombo ya kaboni) 30, maumbo (mafumbo ya kutambua vitu kwa macho) 90, ufahamu wa kusoma 50, hesabu 40. Fizikia haimo. Hili la fizikia nalisema mapema kwa sababu nimeona vijana wetu wakirithishwa vitabu vya mtihani wa kuingia udaktari wa binadamu, unaoitwa MCAT, na mzazi akaambiwa "ni vilevile tu." Si vilevile. Vile vina fizikia na saikolojia ambazo mtu wa meno hataulizwa, na havina hata ukurasa mmoja wa maumbo ambayo ataulizwa maswali 90.

Kabla ya kununua chochote, kijana apakue mwongozo wa watahiniwa unaotolewa na ADA wenyewe. Ni bure. Ndani yake mna orodha ya mada za kila somo, na orodha hiyo ndiyo silabasi. Mwalimu yeyote wa kwetu anajua kazi ya silabasi: unaiweka mezani, unaweka kitabu kando yake, unapitia mada kwa mada. Kitabu chenye sura nzima ya mambo yasiyomo, au kinachopita biolojia ya viumbe kwa kurasa chache za haraka, kinajionyesha chenyewe. Nilimfanyia mjukuu kazi hiyo kwa kalamu nyekundu, naye akasema, "Babu, unasahihisha kitabu?" Ndiyo, nilikuwa nakisahihisha.

Sasa nije kwenye umri wa kitabu. Mjukuu alipewa boksi la vitabu na dada mmoja wa kanisani aliyemtangulia. Wema mkubwa, na mimi sitamwambia mtu akatae kitabu cha bure. Lakini kitabu kimojawapo kilimwambia kwamba alama 20 ni nzuri. Akaniuliza, "Ishirini ya ngapi?" Kwa miaka mingi DAT ilitolewa alama kuanzia 1 hadi 30, na 20 ilikuwa alama ya kujivunia. Tangu Machi 1, 2025 kipimo kimebadilika: sasa ni 200 hadi 600, zikipanda kwa kumi kumi. ADA imetoa jedwali la kulinganisha alama za zamani na za sasa, hivyo mambo hayajaharibika, lakini kijana asiyelijua jedwali hilo atafanya majaribio ya kitabu cha zamani na asijue amesimama wapi. Kwenye hesabu ni hivyohivyo. Vitabu vya zamani vina trigonometria ambayo mtihani ulishaiacha, na havina maswali ya aina mpya, kama yale ya kuangalia iwapo taarifa uliyopewa inatosha kujibia swali.

Msinielewe vibaya, sisemi kitabu cha zamani kitupwe. Kemia ogania haizeeki namna hiyo. Kaboni ilikuwa na vifungo vinne nilipokuwa Form Five na bado inavyo vinne. Kitabu cha kemia cha miaka kumi iliyopita, kikiwa kimeandikwa vizuri, kinamfaa kijana kujifunzia mada. Kisichomfaa ni mitihani kamili ya majaribio ya nyuma ya kitabu hicho, ile ambayo anataka imwambie kama yuko tayari. Ya zamani ajifunzie, ya sasa ajipimie.

Nikiwa na kitabu mkononi dukani au maktaba, mimi huanzia nyuma kwenye majibu. Mtu wa kawaida huangalia maswali ni mangapi. Jalada linapiga kelele: maswali elfu kadhaa! Mimi nataka kujua mwandishi anasema nini baada ya kusema "jibu ni C". Asiposema kitu, hicho ni kitabu cha kuotea. Akisema kwa nini C ni sahihi, ni afadhali. Akieleza pia kwa nini A, B na D si sahihi, na mtu anayechagua B huwa amechanganya nini na nini, hapo kuna mwalimu ndani ya kitabu. Maswali machache ya namna hiyo yanatosha kuliko gunia la maswali makavu.

Huwa nachagua mada ninayoijua usingizini, nikasoma maelezo yake. Katika kitabu kimoja kipya kabisa, cha bei ya kutisha, nilikuta swali la namba ya uoksidishaji ya kromiamu kwenye potasiamu daikromati. Ufunguo wa majibu ulisema +7. Haiwezekani. Jumla lazima iwe sifuri: potasiamu mbili ni +2, oksijeni saba ni −14, zinazobaki 12 zinagawanywa kwa kromiamu mbili, kila moja +6. Anayepata +7 ana akili yake kwenye manganisi ya pamanganeti, ambayo ndiyo yenye +7. Mwanafunzi mwenye uhakika wake ataruka hapo aendelee. Lakini mwanafunzi mwenye hofu, wa aina ambayo nimeifundisha maisha yangu yote, atakaa usiku kucha akijaribu kuilazimisha hesabu itoe saba, mwishowe aamini kwamba yeye ndiye mjinga. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mpe kijana ajibu maswali ya mada anayoiweza vizuri kuliko zote, halafu alinganishe. Makosa yakizidi kwenye mada anayoijua, yako mengine asiyoyaona kwenye mada asiyoijua.

Pesa nyingi zinapotea kwenye maumbo, nami nitakaa hapo zaidi, kwa kuwa ndiyo sehemu inayowashangaza vijana waliosoma kwetu. Hakuna somo la shule linalofanana nayo. Maswali 90 kwa dakika 60, sekunde 40 kila moja. Yamegawanywa mafungu sita ya maswali 15. Fungu moja unaonyeshwa kitu na matundu kadhaa, useme kitapenya tundu lipi. Lingine unaonyeshwa sura mbili za kitu, tuseme ya juu na ya mbele, utafute ya ubavuni. Kuna kupanga pembe nne kutoka ndogo hadi kubwa, kwa macho, bila kipimapembe, na zinaweza kutofautiana kidogo sana. Kuna karatasi inayokunjwa, inatobolewa, kisha useme ikikunjuliwa matundu yatakuwa wapi. Kuna rundo la michemraba iliyogandishwa pamoja na kupakwa rangi kila upande ulio wazi isipokuwa chini, uhesabu ni mingapi imepata rangi pande mbili, au tatu. Na kuna kikaratasi bapa ambacho kikikunjwa kinakuwa umbo, uchague umbo gani.

Kitabu cha karatasi kwa sehemu hii kina kasoro ambayo mwandishi hodari hawezi kuiondoa: kinageuzika. Nilimtazama mjukuu akifanya pembe mezani jikoni. Kila swali alikizungusha kitabu kidogo, kushoto, kulia, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Alikuwa anapata karibu zote. Tulipomhamishia kwenye kompyuta alishuka mara moja, kwa sababu skrini haizunguki. Basi kwa maumbo, kama kuna mahali mzazi atoe fedha taslimu, atoe kwa mazoezi ya kwenye kompyuta yanayofanana na mtihani, yenye saa inayohesabu kurudi nyuma. Mengi yanalipiwa kwa miezi, kwa hiyo asilipie mapema akiwa bado anasoma biolojia. Alipie pale atakapokuwa na muda wa kuyatumia kila siku.

Kujifunza mantiki ya maumbo yenyewe hakuhitaji dola nyingi. Karatasi za matangazo zinazojaa kwenye sanduku letu la barua tulizikunja, tukazitoboa kwa kile kidude cha ofisini cha kutobolea karatasi, mjukuu akichora kwanza anavyodhani, halafu tunakunjua. Michemraba tuliijenga kwa sukari ya vipande na kuipaka rangi ya chakula. Binti yangu alilalamika kuwa sukari yote ya chai imekuwa ya kijani. Lakini msichana alielewa kwamba mchemraba uliofichwa chini ya mwingine nao unahesabiwa, jambo ambalo maelezo ya kitabu chake yalikuwa yamelisema kwa mstari mmoja bila mchoro. Kwenye maumbo, maelezo yasiyo na mchoro ni wino uliopotea. Tena, michemraba isihesabiwe upya kwa kila swali: rundo moja hutoa maswali kadhaa, kwa hiyo mtu aandike kijijedwali mara moja, mingapi ina pande sifuri zenye rangi, mingapi moja, mingapi mbili, na kuendelea, kisha asome majibu humo. Tena ajizoeshe kukiandika kijijedwali hicho kwenye kibao cha plastiki kwa kalamu ya maka, maana chumba cha mtihani hakuna karatasi ya kawaida wala penseli wala ufutio.

Ufahamu wa kusoma sina mengi. Ni vifungu vitatu vya kisayansi, maswali 50, saa moja. Sijaona kitabu cha mazoezi kinachompa mtu kasi ya kusoma. Kasi inatoka kwenye kusoma. Kijana aliyekulia kwenye Kiingereza cha darasani tu asome makala moja ndefu ya sayansi kila siku kwa miezi, iwe ya magonjwa ya mimea au ya sayari, na baada ya kila aya ajiambie imesema nini. Kwa Kiswahili, kama anapenda. Akielewa, ataweza kusema.

Kuna biashara moja inayoenea kwenye makundi ya WhatsApp ya Waafrika Mashariki huku, nami naona aibu kuitaja ila lazima. Watu wanauza mafaili ya maswali wanayodai "yametoka" kwenye mtihani. Najua inatoka wapi. Kwetu tulisoma kwa pepa za miaka iliyopita, na hakuna dhambi, kwa sababu Baraza la Mitihani likishafanya mtihani ule karatasi huwa mikononi mwa watu. DAT sivyo. Maswali yake hayatolewi hadharani baada ya mtihani, na kila mtahiniwa hukubali masharti ya kutoyasimulia. Anayenunua faili kama hilo ama ameuziwa maswali ya kubuni, ama amenunua kitu kinachoweza kumfutia matokeo. Wanaotaka kuona maswali ya ADA wenyewe wanunue majaribio rasmi yanayouzwa na ADA. Mimi ningeshauri kijana asiyamalize mwanzoni kwa pupa. Ayaweke mpaka wiki za mwisho, ayafanye asubuhi, bila simu, kwa muda ule ule wa mtihani, dakika 255 za kujibu ukiacha mapumziko. Kikokotoo akitumie kwenye hesabu tu, kile cha kwenye skrini cha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kwenye kemia hakipo, naye azoee kukadiria kwa kichwa.

Ada ya mtihani peke yake inapita dola 500, na ukianguka hurudii wiki inayofuata. Kuna muda uliowekwa wa kusubiri, na ada ni nyingine. Ndiyo maana nawaambia wazazi: bajeti ianze na ada, vitabu vifuate. Maktaba za umma za huku zinaazimisha vitabu vya maandalizi ya mitihani bila malipo. Sisi tulivipata kwenye maktaba ya kaunti ya Hennepin, ingawa aliyetangulia alikuwa ameshajaza majibu kwa penseli, na nilikaa jioni nzima na chai yangu nikiyafuta. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu, kiwe majaribio ya sasa ya kompyuta yenye maelezo kamili. Sayansi aazime.

Kwa wenye vijana Kanada: huko wana DAT yao, inayotolewa na chama cha madaktari wa meno cha Kanada. Haina kemia ogania wala sehemu ya hesabu. Zamani waliwachongesha watahiniwa hata sabuni kupima mikono yao. Mzazi asimtumie mtoto aliye Toronto boksi la vitabu vya binamu yake wa Houston kabla ya kuangalia chuo anachoomba kinataka mtihani upi.

Na neno moja kwa madaktari wetu wa meno waliokwisha kuhitimu Muhimbili au Nairobi na sasa wanataka kuja kufanya kazi Marekani. Wawili wamenipigia wakiuliza waanze na kitabu gani cha DAT. Ninyi DAT haiwahusu; hiyo ni ya kuingilia mwaka wa kwanza. Mnaotaka kujiunga na zile programu za madaktari waliosomea nje, mtihani wa kuutazama ni INBDE, yaani ule wa kitaifa wa leseni ya udaktari wa meno, uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa sehemu mbili, na vitabu vyake viko rafu nyingine kabisa. Anzeni kwa kuiandikia programu mnayoitaka, muulize wanadai nini, kabla hamjatoa hata shilingi ya kitabu.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa kemia,
Brooklyn Park, Minnesota